"Tuletewe vitabu uone": jamani walimu tuiache hii

Kila semina lazima asimame mtu aseme "mkufunzi, hizo tafiti ni za wazungu, sisi tuletewe vitabu uone kama watoto hawafaulu". Nimechoka kuisikia, maana hilo la vitabu limeshapimwa hapa hapa kwetu, Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, kuanzia 1996. Shule 100, mwaka wa kwanza 25 zikapewa vitabu kwa bahati nasibu, zikalinganishwa na zingine. Wastani wa alama haukusogea! Waliopanda ni wale ambao tayari walikuwa juu. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa kule hiyo ni lugha ya tatu, sasa mtoto anakwama kwenye sentensi ya kwanza wewe unamwongezea kurasa mia, atazifanyia nini?

Sisemi vitabu visije, vije. Ila kabla hujagawa muite mmoja mmoja mezani asome aya moja kwa sauti, dakika mbili tu zinatosha, utamjua anayeunga herufi, anayesoma neno neno na anayeelewa anachosoma, halafu walau kipindi kimoja kwa siku wafundishe kwa viwango hivyo. Na msiniambie wa chini wataachwa, hilo nalo lilipimwa huko huko magharibi mwa Kenya, darasa la kwanza, 2005, walipogawanywa kwa uwezo, wa juu wakapanda na wa chini wakapanda.

Kauli nyingine ya semina: "Kila mtoto ana staili yake ya kujifunza, huyu wa kuona huyu wa kusikia." Hapana. Mwanasaikolojia Pashler na wenzake walizipitia tafiti za hilo 2008, ushahidi wa kutosha hawakuupata. Ramani ionyeshe kwa darasa zima, matamshi wayasikie wote, somo lenyewe ndo linaamua ufundishe vipi.

"Maswali ni ya kupima tu." Hapana tena. 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo Marekani habari ya kusoma, baada ya wiki waliorudia kuisoma walikumbuka asilimia 42, ila waliosoma mara moja kisha wakajaribu kuandika wanachokumbuka, 56. Kwa hiyo anza kipindi na maswali matatu ya wiki iliyopita, madaftari yamefungwa, kila mtu anaandika, na tafadhali usiweke alama wala usimchape aliyekosa, mpe jibu hapo hapo muendelee na somo.