GFCI ni nini, na unaipimaje na testa ya mkononi

Kama unaishi Marekani umeshaziona zile soketi za bafuni na jikoni zenye vitufe viwili katikati, kimoja TEST kingine RESET, ndo hizo GFCI. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro, vikipishana miliampia 4 mpaka 6 hivi inajua umeme unavuja mahali, pengine unapita kwenye mwili wa mtu aliyelowa, inakata hapohapo. Breka ya kawaida haikuokoi, yenyewe inasubiri ampia 15 au 20 na binadamu anakufa kwa umeme mdogo mno kuliko huo. Aliyeibuni ni profesa Charles Dalziel wa Berkeley, mwaka 1961, na kufika 1975 kanuni za umeme za kule zilishaidai mpaka bafuni.

Sasa testa. Ni kidude cha pini tatu, kina taa tatu na kitufe, unachomeka tu. Watu wengi wanachomeka na kubonyeza papo hapo, na hapo ndo pa kuwa makini jamani, soma taa kwanza! Kwa testa nyingi njano mbili zikiwaka na nyekundu imezima waya ziko sawa, maelezo yamebandikwa juu yake. Zikionyesha hakuna erthi usibonyeze, kwa sababu kile kitufe kinachepusha umeme kidogo kutoka waya wa moto kwenda erthi, kama erthi haifiki popote GFCI haitakata hata kama ni nzima kabisa, tena chuma chochote kilichoungwa kwenye huo waya wa erthi kinaweza kupata umeme. Nyumba za zamani zenye waya mbili ziko hivyo nyingi. Huko tumia kitufe cha TEST cha soketi yenyewe, hicho hakihitaji erthi, afu chomeka taa uhakikishe umeme umekatika kweli, maana za zamani zikifungwa vibaya kitufe kinaruka lakini soketi bado ina moto.

Taa zikiwa sawa, bonyeza kidogo uachie. Ikikata, taa zote za testa zinazima, unabonyeza RESET basi. Isipokata na erthi ipo, hiyo soketi ama imekufa ama haina ulinzi, usiitumie karibu na maji mpaka fundi aibadilishe. Mikono iwe mikavu, viatu mguuni, na soketi iliyopasuka, iliyoungua au yenye unyevu usiiguse kabisa.

Kitu kingine kinachosumbua, GFCI moja inaweza kulinda soketi nyingine kadhaa za mbele yake, kwahiyo unabonyeza testa bafuni umeme unakatika, unatafuta RESET huioni, kumbe iko gereji nyuma ya maboksi. Kabla ya kupima angalia friza haijachomekwa kwenye laini hiyo, nyama zisije zikaharibika bila wewe kujua. Pima kila mwezi.

Huku Afrika Mashariki ulinzi huu mara nyingi ni RCD ya miliampia 30 inayokaa kwenye meni swichi na kulinda nyumba nzima, nayo ina kitufe chake cha kupimia. Ile testa ya Marekani ni ya volti 120, usiibebe ukaja kuichomeka kwa adapta kwenye 230.