Je, wajua kwa nini nchi ya joto iliyo rahisi humgharimu mstaafu kuliko alivyopiga hesabu?

Mwaka 1986 wizara ya biashara na viwanda ya Japani ilitangaza mpango wa kuwawezesha wastaafu wake kwenda kuishi ng'ambo. Uliitwa Silver Columbia, jina lililolenga mwaka 1992, miaka 500 tangu Columbus avuke Atlantiki. Yeni ilikuwa imepanda nguvu, na pensheni iliyombana mtu Tokyo ingeweza kumweka raha mustarehe kwingine. Lawama zikaja kwa kishindo: nchi iliyokwisha kuuza nje magari na televisheni sasa inataka kuuza nje wazee! Mpango ukafifia, ila hesabu iliyouzaa haikufa. Wastaafu wa Marekani, Uingereza, Ujerumani na Japani kwenyewe wanaendelea kuipiga, na nchi kadhaa za tropiki zimewafungulia mlango makusudi.

Kwa nini zinawataka? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mstaafu huleta fedha za kigeni kila mwezi, haombi kazi (viza nyingi za aina hii humkataza kuajiriwa), na kwa kawaida hana watoto wa kusomeshwa na serikali. Ufilipino iliunda mamlaka maalumu ya wastaafu wa kigeni mwaka 1985. Malaysia ilianza na mpango ulioitwa Silver Hair mwaka 1996, ikaubadilisha mwaka 2002 kuwa Malaysia My Second Home. Panama nayo ilitunga sheria zake mwaka 1987, na ndiyo inayotajwa zaidi, kwa sababu ya punguzo zake: asilimia 25 kwenye tiketi za ndege na mikahawani, asilimia 50 kwenye sinema na michezo, asilimia 20 kwa daktari. Wengi hudhani hiyo ni chambo kwa wageni. La, punguzo hizo ni haki ya wazee wa Panama wenyewe, wanawake kuanzia miaka 55 na wanaume kuanzia 60, na mgeni mwenye viza ya pensheni akaingizwa humohumo. Kwangu hilo ndilo linalozipa uzito. Serikali inaweza kuwanyima wageni upendeleo wowote bila kupoteza kura hata moja, lakini si rahisi kuwapokonya wazee wake.

Sasa tuje kwenye urahisi wenyewe. Nchi huwa rahisi kwa mgeni hasa kwa sababu mishahara yake ni midogo. Kwa hiyo kinachoshuka bei ni kile kinachofanywa na mikono ya watu wa hapo na kisichoweza kusafirishwa: kodi ya nyumba, kinyozi, fundi bomba, msaidizi wa nyumbani, mboga za sokoni, nauli ya basi. Kinachosafiri baharini au angani hakijui mishahara ya mahali kinapotua. Simu, jibini, dawa za kampuni za nje na mashine ya kufulia huuzwa kwa bei ya dunia, na mara nyingi ushuru wa forodha huongezwa juu yake. Costa Rica ni mfano mzuri: ushuru wa gari lililoagizwa unaweza kuzidi nusu ya thamani yake, na kadiri gari linavyokuwa kuukuu ndivyo kiwango kinavyopanda. Ndiyo maana wastaafu wawili katika mtaa mmoja, wenye nyumba zinazolingana, wanaweza kutumia pesa tofauti kabisa. Anayekula kinachouzwa sokoni na kupanda basi anaishi kwa bei ya wenyeji. Anayetaka maisha yaleyale aliyoyaacha, pamoja na gari na friji iliyojaa vitu vya nyumbani kwao, atayalipia kuliko alivyoyalipia huko.

Umeme nao una mambo yake. Pwani ya tropiki, joto likichanganyika na unyevu, kiyoyozi kinaweza kukesha, na bili yake ikawa kubwa kuliko vile mgeni alivyozoea kulipia kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Dawa yake ni kupanda mlima. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo miji ya nyanda za juu hupata hali ya hewa ambayo haihitaji kiyoyozi wala hita kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hii ndiyo siri ya Boquete huko Panama, ya bonde la kati la Costa Rica linalozunguka San José, na ya Medellín huko Kolombia, ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Cuenca, Ecuador, umepanda hadi mita 2,500, na hapo mwenye moyo au mapafu dhaifu anapaswa kumuuliza daktari kabla ya kuuliza bei ya nyumba. Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, hupendwa kwa ubaridi wake wa Desemba, lakini kati ya Februari na Aprili moshi wa mashamba na misitu inayochomwa huufunika mji. Aliyeutembelea Desemba tu hajauona.

Vimbunga navyo vinachagua: karibu na ikweta ni nadra sana, na ndiyo maana Panama huepushwa na mengi yanayoikumba Karibi, wakati eneo la Ufilipino hupitiwa na vimbunga 20 hivi kwa mwaka. Bima ya nyumba huonyesha tofauti hiyo.

Hata hivyo, mambo yanayovuruga hesabu za wengi si mboga, wala umeme. Ni thamani ya fedha. Mstaafu hulipwa kwa fedha ya nchi moja na kutumia ya nchi nyingine, naye hana mamlaka juu ya hata mojawapo. Mwaka 2005 pauni moja ya Uingereza ilizidi baht 70 za Thailand. Mwaka 2019 ilikuwa imeshuka chini ya 40. Mwingereza mwenye pauni 800 kwa mwezi alianza na zaidi ya baht 56,000, na miaka 14 baadaye pensheni ileile ikampa chini ya 32,000, bila muuza duka yeyote kupandisha bei. Tena, Thailand humtaka mstaafu, ambaye sharti awe na miaka 50 au zaidi, aonyeshe ama baht 800,000 benki au mapato ya baht 65,000 kwa mwezi. Sharti hilo la mapato lilikuwa sawa na pauni 930 hivi wakati pauni ilipokuwa imara, na zaidi ya pauni 1,600 ilipodhoofika. Mtu angeweza kukosa sifa za kukaa nchini bila yeye wala sheria kubadilika.

Mmarekani ana njia ya kulikwepa hilo. Panama hutumia dola ya Marekani tangu 1904, na Ecuador tangu 2000. Pensheni na matumizi vikiwa katika fedha moja, hofu ya soko la fedha inakwisha, ingawa mfumuko wa bei unabaki palepale.

Mwingereza ana tatizo jingine, na ajabu ni kwamba wengi huligundua wakiwa tayari wamehama. Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwaka kwa anayeishi nyumbani, lakini kwa anayeishi katika nchi nyingi za nje hugandishwa pale ilipokuwa alipohama. Chukua aliyehamia Thailand mwaka 2010 akiwa na pensheni kamili ya msingi, pauni 97.65 kwa wiki. Ataendelea kulipwa 97.65 maadamu anaishi huko. Mwenzake aliyebaki Uingereza alikuwa akipata 169.50 kufikia mwaka 2024. Lakini kama huyo wa kwanza angechagua Ufilipino, Mauritius, Jamaika au Barbados, pensheni yake ingekuwa ikipanda kama ya aliyebaki, kwa kuwa nchi hizo zina mikataba na Uingereza. Orodha hiyo haifuati umbali wala utajiri wa nchi: hata anayeishi Kanada au Australia hugandishiwa pensheni yake. Katika kuchagua kati ya Thailand na Ufilipino, mtu anaweza kulinganisha bei ya samaki na ya fleti mwezi mzima asijue kwamba jambo kubwa kuliko yote limeandikwa kwenye karatasi za serikali yake mwenyewe.

Masharti ya ukaazi nayo husogea. Panama na Costa Rica hudai pensheni ya maisha isiyopungua dola 1,000 kwa mwezi, kiwango ambacho kimedumu miaka mingi. Ecuador imefunga sharti lake kwenye mshahara wa kima cha chini, mara tatu yake, kwa hiyo linapanda kila mshahara unapopanda: mwaka 2024 lilikuwa dola 1,380, mwaka 2025 likawa 1,410. Ongezeko dogo, tena linalotabirika. Malaysia ilikuwa kinyume chake. Mwaka 2021 ilipandisha sharti la mapato kwa waombaji wapya kutoka ringgit 10,000 kwa mwezi hadi 40,000, na amana ya benki ikawa ringgit milioni moja. Waliokuwa wamekusanya nyaraka wakajikuta nje. Mwaka 2024 mpango ukapangwa upya kwa madaraja, na daraja liitwalo Silver likidai amana ya dola 150,000.

Kodi ya mapato hubadilika vilevile. Panama na Costa Rica hutoza mapato yaliyopatikana ndani ya nchi, kwa hiyo pensheni ya nje haiguswi. Thailand ilikuwa ikisamehe mapato ya nje yaliyoingizwa mwaka uliofuata baada ya kupatikana. Tangu tarehe 1 Januari 2024 msamaha huo umeondolewa kwa mtu anayekaa nchini siku 180 au zaidi kwa mwaka, isipokuwa pale mkataba wa kodi kati ya nchi mbili unapomlinda. Raia wa Marekani, kwa upande wake, huwajibika kwa kodi ya kwao popote aendapo.

Kwa sababu hizo, kununua nyumba mapema ni haraka isiyo na baraka. Thailand hairuhusu mgeni kumiliki ardhi. Anaweza kununua fleti, mradi sehemu ya wageni katika jengo isizidi asilimia 49. Katiba ya Ufilipino ya 1987 inazuia ardhi vilevile, na fleti za wageni zisizidi asilimia 40. Meksiko inamzuia mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani, yaani hasa ile anayoitamani. Hununua kupitia benki inayoshikilia hati kwa niaba yake kwa miaka 50, muda unaoweza kuongezwa, na kila mwaka benki inadai ada yake. Wapo wanaozunguka sheria kwa kuandikisha kiwanja kwa jina la mwenyeji. Wakikosana naye, sheria iko upande wa jina lililo kwenye hati. Kupanga nyumba kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, ni rahisi kuliko kosa lolote kati ya hayo.

Halafu afya. Medicare, bima ya wazee ya Marekani, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi, na mtu aliyeichangia kazini maisha yake yote huiacha uwanja wa ndege. Hospitali binafsi za Bangkok au Kuala Lumpur zinatibu vizuri kwa sehemu tu ya gharama za Marekani, hilo ni kweli, lakini sehemu ya gharama kubwa mno bado ni fedha nyingi kwa anayelipa kutoka mfukoni. Bima binafsi hupanda kadiri umri unavyopanda. Kampuni nyingi hazimpokei mteja mpya aliyevuka umri fulani, na maradhi aliyokuja nayo huwekwa kando ya mkataba. Ada aliyoiona akiwa na miaka 62 haimwambii lolote kuhusu atakapokuwa na 78, na hiyo ya 78 ndiyo ya kuulizia. Costa Rica imelitatua kwa namna yake: mkaazi wa kigeni anatakiwa kujiunga na mfuko wa afya wa taifa, uitwao Caja, akichangia asilimia ya mapato yake, na maradhi ya zamani hayamfungii mlango. Foleni za wataalamu ni ndefu, na wengi hulipia daktari binafsi kwa mambo madogo na kuiachia Caja makubwa. Kwa mtu mwenye kisukari au aliyewahi kupasuliwa moyo, mpango wa namna hiyo una thamani kuliko kodi nafuu ya nyumba mahali popote. Aangalie pia ni saa ngapi kutoka nyumba yake hadi hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi. Vijiji vizuri vya ufukweni kwa kawaida viko mbali nayo.

Wanandoa wana swali moja zaidi la kuuliza mapema. Viza mara nyingi imesimama juu ya pensheni ya mmoja wao. Akifariki, pensheni inaweza kupungua au kukatika, na mjane au mgane akalazimika kutimiza masharti upya kwa jina lake, katikati ya msiba na kwa lugha ya kigeni. Wosia ulioandikwa nyumbani huenda ukahitaji kutafsiriwa na kuthibitishwa kabla benki ya hapo haijaachilia fedha za marehemu, ndiyo maana mawakili hushauri wosia wa pili kwa mali iliyo katika nchi hiyo. Na hata mwenye afya njema ana karatasi ya kujaza: Marekani na Uingereza huwatumia wastaafu walio ng'ambo fomu ya kuthibitisha kwamba bado wako hai. Isiporudi kwa wakati, malipo husimamishwa.