Toleo la video la filamu ya kalti ni nini?

Toleo la video la nyumbani ni filamu iliyotayarishwa ili mtu ainunue na kuitazama kwake, kwenye deki yake mwenyewe. Zamani ilikuwa kanda ya VHS, ikaja DVD, ikafuata Blu-ray mwaka 2006, na tangu 2016 zipo diski za 4K. Filamu iliyotoka mwaka huu haina mengi ya kueleza hapa, kwa kuwa faili ya studio ndiyo inayobanwa na kuingizwa kwenye diski. Mambo hubadilika ikiwa filamu ni ya zamani, ilitengenezwa kwa pesa kidogo, na ina wapenzi wachache wasiokubali isahaulike. Hapo, kabla diski haijachapwa, lazima mtu aamue ni filamu ipi itakayowekwa humo, maana mara nyingi zipo zaidi ya moja zenye asili moja.

Kwanza hilo la kalti. Filamu ya kalti huishi kwa mapenzi ya kundi dogo la watu, si kwa mauzo ya tiketi. Huenda wahakiki waliipuuza, au ilionyeshwa majuma machache ikapotea, lakini wapo wanaoirudia kila mwaka, wanaojua maneno yake kwa kichwa na wanaobishana usiku kucha juu ya tukio la dakika mbili. Mwaka 1970 ukumbi wa Elgin jijini New York ulianza kuonyesha filamu ya El Topo usiku wa manane, na maonyesho ya namna hiyo ndiyo yaliyoipa dhana hii sura yake. Ubora haumo katika maana ya kalti. Zipo filamu za kalti zilizo nzuri kwelikweli, na zipo zinazopendwa kwa jinsi zilivyoharibika kwa namna ya kufurahisha. Starcrash ya Luigi Cozzi, ya mwaka 1978, kwa maoni yangu inastahili kuwekwa pande zote mbili.

Italia ina hazina kubwa ya filamu hizi, na mfano unaonifaa ni Terrore nello spazio, iliyoongozwa na Mario Bava mwaka 1965. Vyombo viwili vya anga, Argos na Galliott, vinafuata ishara hadi sayari iitwayo Aura. Kufika tu, wanaanga wanapandwa na wazimu wa kutaka kuuana. Baadaye waliokufa wanaamka, kwa kuwa viumbe wasioonekana wa sayari hiyo wanahitaji miili ya kutumia. Kampuni ya American International Pictures iliyoisambaza Marekani iliipa jina la Planet of the Vampires, yaani Sayari ya Wanyonya Damu, ingawa ukiitazama mwanzo hadi mwisho hutaona mnyonya damu hata mmoja. Jina la namna hiyo liliuza tiketi.

Bava alikuwa mpiga picha kabla ya kuwa mwongozaji, na hapa ujuzi huo ulimwokoa. Pesa hazikuwepo. Alikuwa na mawe mawili ya plastiki yaliyobaki studio kutoka filamu ya visasili, akayazidisha kwa vioo na hila za kamera, akajaza moshi sakafuni ili isionekane kwamba hakuna kitu, kisha akaumulika moshi huo kwa taa za zambarau, kijani na nyekundu. Sayari ikapatikana. Kuna sehemu wanaanga wanaingia katika chombo kilichotelekezwa na kukuta mifupa ya jitu. Watu wengi wameilinganisha na tukio kama hilo katika Alien, filamu ya kutisha ya anga ya mwaka 1979. Mwongozaji Ridley Scott na mwandishi Dan O'Bannon waliwahi kusema hawakuwa wameiona filamu ya Bava, ingawa miaka mingi baadaye O'Bannon alikiri kwamba aliifahamu.

Sasa tuje kwenye diski. Mtayarishaji wa toleo anakutana kwanza na suala la lugha. Barry Sullivan alikuwa Mmarekani, Norma Bengell Mbrazili, Ángel Aranda Mhispania na Evi Marandi Mgiriki. Wakati wa kupiga picha kila mmoja alizungumza lugha yake, jambo la kawaida katika sinema ya Italia ya wakati ule, kwa sababu sauti zote ziliingizwa baadaye studio. Kwa hiyo sauti ya Kiitaliano imeingizwa, na ya Kiingereza pia imeingizwa. Midomo ya Sullivan inafuata Kiingereza, ya wenzake inafuata vitu vingine. Anayesema anataka sauti ya asili peke yake anadai kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Toleo zuri huweka zote mbili, na maandishi ya chini hutafsiriwa kutoka Kiitaliano chenyewe. Matoleo ya ovyo hunakili tu maneno ya sauti ya Kiingereza na kuyaandika chini ya mazungumzo ya Kiitaliano, hata pale mhusika anaposema jambo jingine kabisa.

Muziki nao una kisa chake. Gino Marinuzzi Mdogo aliitungia filamu sauti za kielektroniki zinazokwaruza na kunguruma, sehemu kubwa ya hofu ya filamu hiyo. Lakini baadhi ya kanda za VHS zilizouzwa Marekani zilitolewa na muziki mwingine, uliotungwa upya miaka mingi baadaye, na aliyenunua kanda hiyo hakuwa na namna ya kujua. DVD ya mwaka 2001 ndiyo iliyourudisha muziki wa Marinuzzi. Kuna watu walioipenda filamu hii kwa muongo mzima bila kuusikia.

Rangi ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kanda ya VHS haikuweza kushika zambarau ile. Ilivuja na kuchafua nyuso. Ukarabati wa kisasa huanzia kwenye negativu ya kamera, yaani ule utepe wenyewe uliopigwa picha, ikiwa ipo, ambayo husafishwa na kuchanganuliwa picha moja moja. Lakini negativu haisemi moshi ule ulipaswa kuwa wa zambarau kiasi gani. Hilo liliamuliwa maabara mwaka 1965, Bava alifariki mwaka 1980, na kopi nyingi za zama hizo zimefifia na kuegemea wekundu. Mtu wa leo anakaa mbele ya kioo na kuamua. Anaamua pia kuhusu chembe, zile nukta ndogo zinazochezacheza katika picha ya filamu. Wapo wanaozifuta ili picha ionekane safi, na matokeo yake nyuso huwa kama za nta. Mimi nazitaka zibaki. Chembe ndiyo picha yenyewe.

Filamu hii iliyokarabatiwa ilionyeshwa katika sehemu ya filamu za zamani ya tamasha la Cannes mwaka 2016, ikitambulishwa na mwongozaji Nicolas Winding Refn. Kabla ya hapo, mwaka 2014, kampuni ya Marekani ya Kino Lorber ilikuwa imetoa Blu-ray yenye maelezo ya Tim Lucas, aliyetumia miaka mingi kuchunguza maisha ya Bava. Maelezo ya namna hiyo husikika juu ya picha, filamu ikiendelea, na kwa wapenzi wa kalti mara nyingi ndiyo sababu ya kununua diski ya pili ya filamu wanayoimiliki tayari.

Mnunuzi aliye Dar es Salaam au Mombasa atazame kwanza alama ya eneo, inayoonyesha diski itakubaliwa na deki za sehemu gani ya dunia. Katika DVD, Afrika Mashariki ni eneo la 5. Katika Blu-ray iko eneo B, ilhali diski za Marekani mara nyingi hufungwa kwa eneo A, na deki ya kawaida ya huku itazikataa. Diski za 4K hazina kufuli hilo. Na ukinunua DVD ya Ulaya ukaona dakika 84 na ushei badala ya 88, usidhani umeibiwa tukio: mfumo wa PAL, ule wa televisheni za Ulaya, hucheza picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu nzima hukimbia kidogo, na sauti za watu hupanda kidogo pia.