Eneo, ujazo na uzito: hesabu ya tepu moja

Lori la mchanga likiingia kwenye mjengo kule Ruai au Kitengela, dereva atakwambia amebeba tani 14, na wewe huna mizani ya kupimia lori. Una tepu. Inatosha.

Pima urefu wa bodi ya lori, pale mchanga unapobebwa, kwa ndani, tuseme mita 4.2, kisha upana, mita 2.3. Zidisha: mita mraba 9.66. Hilo ndilo eneo, ukubwa wa sakafu ya bodi bila kujali kina. Sasa panda juu, dunga ufito wa chuma kwenye mchanga mpaka ugonge chini, usome kina. Dunga mbele, katikati, nyuma na pembeni, kwa maana mchanga una mazoea ya kujaa pale mnunuzi anaposimama, halafu utafute wastani. Ukipata mita 0.9, basi 9.66 × 0.9 ni mita 8.7 za ujazo. Ujazo ni nafasi yote ambayo mchanga umeichukua.

Uzito ndio usioonekana kwenye tepu. Lazima ujue mita moja ya ujazo ya kitu hicho ina kilo ngapi, na hiyo ndiyo densiti. Maji yana kilo 1,000, mchanga mkavu usioshindiliwa karibu 1,600, konkriti takriban 2,400, chuma cha ujenzi 7,850. Kwa hiyo 8.7 × 1,600 ni kilo 13,920, na dereva amesema kweli. Lakini kina kikipungua sentimita 10 tu, umekosa tani moja na nusu hivi, na ukiwa umesimama chini huwezi kuliona pengo hilo.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalijua na wanunuzi wachache hulijua: mchanga wenye unyevu hufura. Utando mwembamba wa maji hutenganisha chembe, na mchanga laini unaweza kuongezeka ujazo kwa robo au hata zaidi. Anayenunua kwa ujazo hulipia hewa, anayenunua kwa uzito hulipia maji. Mimi ningenunua mkavu, kama msimu unaruhusu.

Kwenye ploti, hesabu yenyewe ni nyepesi ila vipimo hukoroga watu. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000. Huuzwa kama thumuni ya ekari, ingawa ekari ina futi mraba 43,560 na thumuni yake ni 5,445. Ukitaka mita mraba, gawanya kwa 10.76, upate karibu 465. Usigawanye kwa 3.28, hiyo ni ya kugeuza urefu, na ukiitumia kwenye eneo ploti yako itafura mpaka 1,524. Ikiwa pande nne hazilingani, vuta kamba kutoka pembe hadi pembe upate pembetatu mbili, kisha kila moja uizidishe kitako kwa kimo na ugawanye kwa mbili.

Tangi la maji juu ya paa, lile linalotuokoa wakati wa mgao, ni duara, na huwezi kupitisha tepu katikati yake. Lizungushie kamba. Mzingo ukiwa mita 3.45, gawanya kwa 3.14: kipenyo ni mita 1.1, nusu yake 0.55. Eneo la kitako ni 0.55 × 0.55 × 3.14, yaani 0.95. Kwa kimo cha mita 1.05 unapata karibu mita moja ya ujazo, ambayo ni lita 1,000. Likijaa, ni tani nzima imekaa juu ya hiyo slabu.

Kwa vyuma vya ujenzi kuna njia ya mkato: chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162. Jibu ni kilo kwa kila mita, kwa sababu densiti ya chuma na 3.14 tayari zimo ndani ya hiyo 162. Chuma cha milimita 12 ni 144 ÷ 162, yaani kilo 0.89 kwa mita, na kipande kizima cha mita 12 kinakaribia kilo 10.7. Ukikiweka kwenye mizani ya dukani kikasoma kilo 9, rudi nyuma: 9 ÷ 12 × 162 ni 121.5, ambayo ni 11 mara 11 na ushei. Umeuziwa milimita 11 kwa bei ya 12.