Sio brandi ya meza, ni kitambaa

Wachezaji wengi wa pool wakihamia meza nyingine utasikia "ah hii Diamond bana, mi nimezoea Brunswick", afu wanabadilisha mpaka staili ya kupiga. Jina la pembeni halikwambii mengi, kinachobadilisha gemu hasa ni kitambaa cha juu ya meza na zile kingo za raba za pembeni, yaani meza mbili za brandi moja, moja kitambaa kipya nyingine kimechakaa, zinacheza tofauti kabisa, kwenye kipya mpira unateleza sana na ukigonga ukingo unatoka kwa pembe pana zaidi. Sawa, mashimo ya Diamond yanasumbua kweli. Ila kabla ya gemu peleka mpira mweupe uende urudi, soma spidi, gongesha ukingoni mara mbili tatu. Staili yako iache.