Likizo ya Uzazi Haingoji Mwaka Mmoja
Katika vibanda vya kubangulia korosho mjini Mtwara husikika kwamba aliyeajiriwa chini ya mwaka mmoja hana likizo ya uzazi yenye malipo, na wapo wanaorudi kwenye benchi mshono ukiwa bado mbichi. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka miezi sita tu ya utumishi, na mwajiriwa wa msimu hafungwi hata na sharti hilo. Likizo ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mapacha, na taarifa yenye cheti cha daktari hutolewa kwa mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe inayotarajiwa ya kujifungua. Tena, na hili linaniuma zaidi likipuuzwa, mzazi haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe usalama wake. Mji wa mimba nao huhitaji takriban muda huohuo kurudia ukubwa wake.