Kubadilisha maneno hakutoshi: dhana potofu kuhusu plajia kwenye TFC

Msimu wa kuweka TFC (kazi ya kumaliza mzunguko wa kwanza wa chuo) na memwari (tasnifu ya kumaliza masomo) ukifika, maduka ya kuchapa ya Lubumbashi hujaa wanafunzi. Ushauri wanaopeana kwenye foleni kuhusu plajia, yaani wizi wa maandishi au mawazo ya mtu mwingine, ndio unaowaponza baadaye mbele ya juri.

«Nikibadilisha maneno, kazi ni yangu.»

Dhana hii ndiyo inayowaangusha wengi, hata wale wanaojituma. Tuseme kitabu kinasema: «Kampuni ya madini haikuwapa wafanyakazi mshahara tu, iliwapa nyumba, shule na hospitali, na kwa njia hiyo ikatawala maisha yao hata nje ya kazi.» Mwanafunzi anaandika: «Kampuni ya migodi haikuwalipa waajiriwa pesa pekee, iliwapatia makazi, masomo na matibabu, na hivyo ikaongoza maisha yao hata baada ya kazi.» Maneno mengi ni mapya, lakini hoja ni ileile, mpangilio ni uleule, na mwenye wazo hakutajwa popote. Hiyo ni plajia kamili.

Afanyeje? Asome, afunge kitabu, aandike alichoelewa kwa mpangilio wake mwenyewe, kisha amtaje mwandishi, mwaka na ukurasa. Akitaka sentensi yenyewe, aiweke ndani ya alama za kunukuu. Kwamba Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya hapa, ilianzishwa mwaka 1906 hakuhitaji tanbihi, kwa sababu hilo linajulikana na kila anayesoma historia ya hapa. Maelezo ya mwandishi kuhusu jinsi kampuni ilivyowashika wafanyakazi wake, hayo yana mwenyewe.

«Nimetafsiri kutoka Kiingereza, hakuna atakayejua.»

Mwaka 2012 Pál Schmitt, rais wa Hungaria, alivuliwa udaktari wake na chuo kikuu kilichompa, kisha akajiuzulu urais. Sehemu kubwa ya tasnifu yake ya mwaka 1992 ilikuwa tafsiri ya kazi ya mtafiti mwingine. Miaka 20 ilikuwa imepita.

«Anayenakili ni mvivu, dawa yake ni adhabu.»

Wavivu wapo, sikatai. Lakini fikiria kijana aliyesifiwa sekondari nzima kwa kurudisha noti za mwalimu neno kwa neno. Anaingia chuoni, anaambiwa «andika kwa maneno yako», wala hakuna anayemwonyesha namna. Kumwadhibu bila kumfundisha ni kumwonea.

Mafunzo ya mtandaoni yanasaidia hapo. Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kimekuwa na mafunzo ya bure ya aina hii tangu mwaka 2002. Mwanafunzi anawekewa matini asilia na matini ya mwanafunzi mwingine, kisha anaamua: hapa pameibwa maneno, pameibwa wazo kwa maneno mengine, au hapakuibwa kitu? Anajibu mfano baada ya mfano mpaka jicho lizoee, na akifaulu mtihani anapata cheti. Kasoro kwetu ni kwamba yako kwa Kiingereza. Basi mwalimu achukue aya moja ya kozi yake, atunge matoleo matatu kwa Kifaransa au Kiswahili, moja safi na mawili yenye kosa, ayatume kwenye kundi la WhatsApp la promosheni (wanafunzi wa mwaka mmoja wa masomo). Ujumbe wa maandishi matupu hauli mega nyingi za intaneti, na mabishano yatakayozuka ndiyo somo lenyewe.

«Programu itawakamata wote.»

Programu kama Turnitin na Compilatio hulinganisha kazi na matini ambazo zimehifadhiwa humo au zinapatikana mtandaoni, kisha hutoa asilimia ya mfanano. Hazihukumu. Nukuu iliyowekwa vizuri inaweza kupandisha asilimia, na TFC ya zamani iliyobaki karatasi kwenye rafu ya maktaba haionekani kabisa. Msomaji lazima awe mtu.

«Cheti kikipatikana, kazi imekwisha.»

Cheti kinaonyesha kwamba mwanafunzi anaitambua plajia anapoiona. Kuiepuka usiku wa manane, siku moja kabla ya kuweka kazi, ni jambo jingine. Kwa hiyo mafunzo yaanze mwaka wa kwanza, kabla ya kazi ya kwanza ya kuandika, na msimamizi adai kuona noti za usomaji zenye namba za kurasa kabla ya kupokea sura yoyote.